NUMBER GIRL: kutoka Tōmei Shōjo hadi NUM-AMI-DABUTZ, nianzie wapi, na sauti ile inapatikanaje?

NyuziSita

Wakuu, naomba msaada wa wanaoifahamu vizuri NUMBER GIRL, bendi ya roki ya Japani. Ninazo nyimbo zao mbili tu, Tōmei Shōjo na NUM-AMI-DABUTZ, na ukizisikiliza kwa kufuatanisha huwezi kuamini kwamba ni watu wale wale wanne. Ya kwanza ni magitaa yanayokimbia na mtu anayepaza sauti kama yuko nyuma ya ukuta. Ya pili mtu anatamka maneno kwa kasi kama anayesoma dua, mdundo umekatwakatwa, gitaa linachoma pembeni. Kati ya hapo na hapo kulitokea nini? Na mtu anayetaka kuwasikiliza tangu mwanzo aanze na rekodi ipi?

Swali la pili ni la ufundi. Kuna bendi ya watu wanne, magitaa mawili ya umeme, Telecaster moja na Jazzmaster moja, inataka kuzipiga nyimbo zao na kuzirekodi mazoezini. Magitaa yakipandishwa distosheni, yote mawili yanageuka uji mmoja, huyu hasikiki wala yule. Jazzmaster nayo uzi wa sita unaruka nje ya mfereji wake kila ukipigwa kwa nguvu. Dramu ukizirekodi zinasikika kama makopo. Tunakosea wapi?

mzee_wa_santuri

Mkuu, nyimbo hizo zimeachana kwa miaka mitatu tu. Tōmei Shōjo ni singo ya Mei 1999, NUM-AMI-DABUTZ ni ya Machi 2002. Bendi nyingine huhitaji miaka kumi kusafiri umbali huo. Hawa walifika, na kabla mwaka haujaisha wakawa wamevunjika.

Walianza 1995 Fukuoka, kisiwa cha Kyushu, mbali na Tokyo. Mukai Shutoku anaimba na kupiga Telecaster, Tabuchi Hisako ndiye mwenye Jazzmaster, Nakao Kentarō yuko kwenye besi, Ahito Inazawa kwenye dramu. Jina walilipata kwa kuunganisha vipande: Mukai alikuwa na kundi lake Number Five, Nakao alikuwa na Cowgirl. Suala la kutoka Fukuoka usilipuuze. Hata walipokwisha kusajiliwa na kampuni kubwa, Mukai aliendelea kuwatambulisha jukwaani kuwa ni NUMBER GIRL waliotoka wilaya ya Hakata, jiji la Fukuoka. Alikuwa anawaambia watu wa Tokyo kwamba muziki huu haukupikwa kwao.

SCHOOL GIRL BYE BYE ilitoka Novemba 1997 kwa lebo ndogo ya hukohuko Fukuoka. Humo tayari mna OMOIDE IN MY HEAD na IGGY POP FANCLUB, nyimbo walizozibeba hadi mwisho. 1998 ikaja singo DRUNKEN HEARTED kupitia K.O.G.A Records, na 1999 Toshiba EMI wakawachukua. Julai mwaka huo ikatoka SCHOOL GIRL DISTORTIONAL ADDICT, yenye Tōmei Shōjo. Kama unataka kujua masikio yao yalikuwa wapi, humo kuna wimbo unaitwa PIXIE DU: ni majina ya bendi mbili za Marekani, Pixies na Hüsker Dü, yaliyoshonwa pamoja.

Sauti ya Mukai kuwa nyuma ya ukuta si kosa la spika zako. Kwenye albamu hiyo imewekwa chini kwa makusudi, magitaa na dramu vikapewa mbele, kama unavyosikia ukiwa umesimama karibu na jukwaa kwenye ukumbi mdogo. Anayeimba inabidi ashindane na bendi yake mwenyewe, na ushindani huo ndio uhai wa rekodi ile.

Badiliko lilianza na Dave Fridmann, mtayarishaji wa rekodi wa Marekani. Huyu ni mwanzilishi mmojawapo wa Mercury Rev, na ndiye aliyekuwa anafanya kazi na The Flaming Lips kipindi hichohicho. Walianza naye kwenye singo DESTRUCTION BABY ya 1999, kisha SAPPUKEI ya Julai 2000 wakaifanyia kwake, Tarbox Road Studios, Cassadaga, jimbo la New York. Sappukei maana yake ni mandhari kavu, isiyo na kitu cha kuliwaza jicho, na albamu imefanana na jina lake. Magitaa ni yaleyale, lakini sasa kuna nafasi tupu kati ya chombo na chombo. Ukisikiliza ZEGEN VS UNDERCOVER na TATTOO ARI utaona daraja lenyewe linalounganisha nyimbo zako mbili.

Halafu NUM-HEAVYMETALLIC, Aprili 2002, tena na Fridmann. Hapo Mukai alikuwa ameingiza dabu (mtindo wa Jamaika wa besi nzito na mwangwi), ngoma za matamasha ya Kijapani, na uimbaji ulio karibu na kutamka. Ulivyosema "kama anayesoma dua" hukukosea: NUM-AMI-DABUTZ ni mchezo wa maneno juu ya Namu Amida Butsu, maneno ambayo Wabuddha wa Japani hulitajia jina la Amida. Kwa hiyo hawakuamka siku moja wakabadilika. Kila rekodi ilipunguza ukuta wa magitaa na kuongeza nafasi ya dramu, na ulipofika 2002 ukuta ulikuwa umebaki nguzo tu.

Rudisha_Kanda

Anza na NUM-HEAVYMETALLIC moja kwa moja. Ndiyo kilele, na ndimo ilimo Teppū Surudoku Natte, yenye ile besi ya mwanzo ambayo kila mpiga besi huijaribu.

mzee_wa_santuri

Hapana ndugu, hapo nakusahihisha kwa sababu kosa hilo huwagharimu watu pesa. Teppū Surudoku Natte ni singo ya Novemba 2000, imekaa katikati ya SAPPUKEI na NUM-HEAVYMETALLIC, na haimo kwenye albamu yoyote kati ya zile nne za studio. Unayoihitaji ni OMOIDE IN MY HEAD 1, mkusanyiko wa 2005 wenye nyimbo bora na za upande wa pili wa singo. La sivyo, itafute kwenye rekodi za jukwaani. Kuhusu besi ya Nakao tuko pamoja.

Na mpangilio wangu si huo wako. Mtu akianza na NUM-HEAVYMETALLIC bila kuujua ukuta uliobomolewa, atasikia ukavu tu. Mimi ningempa kwanza rekodi ya jukwaani ya 1999, Shibuya ROCKTRANSFORMED Jōtai, iliyofanyika Club Quattro, Shibuya. Pale unapata nyimbo za albamu mbili za mwanzo zikiwa na nguvu ambayo studio haikuweza kuikamata, na ile sauti ya Mukai akimtaja "Dramsu, Ahito Inazawa" kabla OMOIDE IN MY HEAD haijalipuka. Kisha SAPPUKEI. Kisha NUM-HEAVYMETALLIC. Ndipo urudi SCHOOL GIRL DISTORTIONAL ADDICT, na mwisho SCHOOL GIRL BYE BYE, ambayo ni mbichi sana na inafaa kusikilizwa ukiwa tayari umewapenda.

Tahadhari mbili za kutafuta. Majina ya nyimbo huandikwa mara kwa herufi za Kilatini, mara kwa Kijapani, kwa hiyo hifadhi haya uyanakili: ナンバーガール ni bendi, 透明少女 ni Tōmei Shōjo, 鉄風 鋭くなって ni Teppū. Bila hivyo utadhani nusu ya kazi zao haipo. Na ukinunua diski, fahamu kuwa 2014 albamu za kipindi cha Toshiba EMI zilitolewa upya kwa kuadhimisha miaka 15. Matoleo hayo yana rekodi za ziada, kwa hiyo usilipie toleo la kwanza ghali ukidhani linakupa zaidi. Linakupa karatasi yake ya zamani, basi.

fundi_wa_nyuzi

Nijibu la magitaa.

Uji unatokea kwa sababu magitaa mawili yanapiga kodi ileile, mahali palepale pa shingo, kwa distosheni nyingi ileile. Kwa NUMBER GIRL kazi zimegawanywa. Telecaster ya Mukai ndiyo inayokata mdundo: mipigo mikavu, sauti nyembamba na kali. Jazzmaster ya Tabuchi inatembea juu yake, mara nyingi kwa oktavu na mistari mifupi inayojirudia, na pale panapofunguka ndipo inapiga kelele ya kweli. Sikiliza solo ya TATTOO ARI jukwaani, hakuna mahali pengine panapoonyesha vizuri zaidi kwamba gitaa la pili kwa bendi hii halikuwa la kusindikiza.

Telecaster: tumia pikapu (kinasa sauti cha gitaa) ya darajani peke yake. Geini ya amplifaya iweke pale ambapo ukipiga kwa upole sauti ni safi na ukipiga kwa nguvu ndipo inachanika. Ukivuka hapo, mipigo ya mkono haisikiki tena kama mipigo, inakuwa mvumo. Besi ya amplifaya ishushe hadi uone kwamba gitaa likipigwa peke yake linasikika jembamba kupita kiasi. Usiogope hilo. Nafasi ya chini ni ya Nakao, na besi yake imejaa, ina meno, haihitaji msaada wa gitaa.

Jazzmaster: iongezewe distosheni kwa pedali, lakini katikati ya sauti pasikatwe. Kosa la kawaida ni kupandisha nyembamba na nene na kushusha katikati. Ukiwa peke yako chumbani inapendeza, bendi ikianza unapotea kabisa, na utaongeza sauti mpaka dramu naye apige kwa hasira. Pandisha katikati uone.

Oktavu zenyewe: kidole cha shahada kwenye uzi wa tano, kidole cha pete kwenye uzi wa tatu freti mbili juu yake. Umbo hilohilo linafaa uzi wa sita na wa nne. Ukihamia uzi wa nne na wa pili, umbali unakuwa freti tatu, kwa sababu ya namna uzi wa pili unavyotyuniwa. Sasa siri iko kwenye uzi wa katikati. Ulaze upande wa chini wa kidole cha shahada uuguse bila kuubonyeza, ufe kabisa, maana mkono wa kulia unapita nyuzi zote kwa kasi. Distosheni haisamehi uzi uliosahauliwa. Jaribu kwanza bila pedali: kama unasikia noti zaidi ya mbili, bado.

Uzi wa sita kuruka si ubovu wa gitaa lako, ni tabia ya Jazzmaster tangu 1958. Kile kipande cha mkono wa tremolo kinachoshika nyuzi kiko mbali nyuma ya daraja, hivyo nyuzi hupita juu ya daraja karibu zimelala, hazilibonyezi. Gitaa lilibuniwa wakati watu walifunga nyuzi nene. Leo likifungwa seti ya 0.009 au 0.010 (unene wa uzi wa kwanza kwa inchi), haliwezi kukaa. Anza na seti ya 0.011, na kama vidole vinakubali, 0.012. Ikiwa bado unaruka, fungua shingo, weka kipande chembamba cha kadi ngumu au ubao ndani ya mfuko wa shingo, upande ulio karibu na pikapu, shingo irudi nyuma kidogo sana, nusu digrii hadi moja. Baada ya hapo utalazimika kupandisha daraja, na kupandisha huko ndiko kunakoongeza pembe ya nyuzi. Watu wengi huweka kipande halafu wakasahau kupandisha daraja, kisha wanasema haikusaidia.

Daraja la asili lina vitandiko vyenye mifereji mingi myembamba, uzi unahama kutoka mfereji hadi mfereji. Unaweza kuvibadilisha kwa vya Mustang, ambavyo vina mfereji mmoja wenye kina. Skrubu ndogo za urefu hujishusha zenyewe kwa mtikisiko, ukafika mwisho wa onyesho na gitaa linakwaruza. Tone la rangi ya kucha kwenye kila skrubu linazishika, na siku ukitaka kurekebisha zinafunguka bila shida.

Moja zaidi: ile swichi ndogo iliyo juu, upande wa uzi wa sita. Hiyo inahamisha gitaa kwenye njia nyingine, pikapu ya shingoni pekee, sauti nzito na iliyofifia. Mkono unaopiga kwa kasi huigusa bila kujua. Gitaa likizimika uhai katikati ya wimbo, angalia hapo kabla ya kulaumu waya.

toazi_na_snea

La dramu niachieni mimi, maana Ahito Inazawa ni nusu ya bendi hii.

Anachofanya ni kupiga kwa kasi huku kila pigo likiwa limetenganishwa na jingine. Snea, ile ngoma ndogo yenye waya chini yake, imekazwa, inatoa mlio mkavu, na mipigo ya haraka inayojaza nafasi hairudi nyuma ya mdundo hata kidogo, ikikosea inakosea kwa kuwahi. Mpiga dramu wenu akizicheza nyimbo hizi kwa utulivu zitakufa, hata kama kila noti iko mahali pake.

Sauti ya rekodi za Fridmann inatokana kwa sehemu kubwa na chumba. Anajulikana kwa kuzibana sauti za dramu kwa kompresa (kifaa kinachopunguza tofauti kati ya sauti kubwa na ndogo) hadi chumba chenyewe kiwe kama kinapumua, na kuziacha zichanike. Mnaweza kuikaribia kwa maikrofoni nne: moja kwenye dramu kubwa ya mguu, moja kwenye snea, moja juu ya seti yote, na moja ya chumba. Hii ya nne ndiyo yenye kazi. Iweke mbele ya seti, mita mbili hadi tatu, na iwe chini, usawa wa goti. Watu huiweka juu usawa wa kichwa, na hapo inanasa matoazi. Ukishaibana, matoazi yanafunika kila kitu na unapata mvua ya bati badala ya dramu.

Kwenye kompresa ya njia hiyo, uwiano uwe 10:1 au zaidi, iachie haraka, kizingiti ukishushe mpaka sindano irudi nyuma desibeli 15 au hata 20. Ikisikilizwa peke yake itakuwa mbaya, ya kutisha. Sasa ifunge kabisa, weka maikrofoni zile tatu za karibu zikiwa safi, kisha ifungue polepole chini yake mpaka usikie chumba kimeingia. Simama hapo. Kabla ya yote jaribu kugeuza poleriti ya njia ya chumba, yaani wimbi la sauti lipinduliwe juu chini. Upande ambao dramu kubwa inasikika nene ndio sahihi. Makopo mnayoyasikia mara nyingi ni hilo tu, maikrofoni mbili zinafutana.

Na mwambieni mpiga dramu apunguze nguvu ya mkono kwenye matoazi, aiongeze kwenye snea. Hakuna kompresa itakayowafanyia hilo.

Sauti ya mwimbaji, kama mnataka ile ya 1999: ibaneni sana ili kila neno liwe na ukubwa mmoja wa sauti, halafu ishusheni chini ya snea. Ukiishusha bila kuibana, maneno mengine yatapotea na mengine yatatokeza, na hapo itasikika kama kosa la miksi.

NyuziSita

Wakuu, mmenifungua macho. Shingo ya Jazzmaster imewekewa kipande cha kadi, nyuzi ni 0.011, daraja limepandishwa, na uzi wa sita umetulia. Poleriti ya njia ya chumba ilikuwa imegeuka, kweli.

Swali la mwisho. Mzee wa santuri amesema walivunjika 2002, lakini naona video za 2019 na 2022. Walirudi? Na kwa nini walivunjika wakiwa juu namna ile?

msikilizaji_wa_usiku

Ngoja niliingilie hili, mzee akinikosoa nitapokea.

2002 Nakao aliwaambia wenzake kwamba anataka kuondoka. Wangeweza kutafuta mpiga besi mwingine, bendi nyingi hufanya hivyo na hakuna anayewalaumu. Wao waliona NUMBER GIRL ni watu hawa wanne, akiondoka mmoja kilichobaki si NUMBER GIRL, wakatangaza kuvunja. Ziara ya mwisho ikamalizikia Penny Lane 24, Sapporo, tarehe 30 Novemba 2002. Onyesho lenyewe lilirekodiwa na kutolewa 2003 kwa jina Sapporo OMOIDE IN MY HEAD Jōtai. Linafunga na IGGY POP FANCLUB, wimbo wa albamu yao ya kwanza ya Fukuoka. Ukilisikiliza baada ya SAPPUKEI utaelewa kwa nini mzee anasisitiza rekodi za jukwaani: nyimbo za mwaka 2000 zimekuwa kali zaidi, na zile za 1997 zimepigwa na watu waliokwisha kupita NUM-HEAVYMETALLIC. Kama unaweza, tafuta pia ile ya tarehe 19 Mei 2002 ya Hibiya, uwanja wa wazi wa Tokyo, inaitwa Kanden no Kioku.

Baada ya hapo kila mmoja aliendelea. Mukai alianzisha ZAZEN BOYS 2003, na Inazawa alikuwa naye mwanzoni kabla ya kuondoka na kuunda VOLA & THE ORIENTAL MACHINE. Kama unachokipenda ni upande wa NUM-AMI-DABUTZ, ZAZEN BOYS ndiko ulikoendelea, hasa ZAZEN BOYS 4 ya 2008 ambayo tena ni Fridmann. Tabuchi alijiunga na bloodthirsty butchers, akawa na bendi yake toddle, baadaye LAMA pamoja na watu wawili wa SUPERCAR. Upande wa Tōmei Shōjo umekwenda naye yeye. Nakao alipiga besi kwa wengi, pamoja na ART-SCHOOL.

Walirudi kwa tangazo la Februari 2019. Mukai alieleza waziwazi: alikuwa amelewa siku moja 2018, akawaza kwamba anataka kupiga tena na watu wale kwenye Rising Sun, tamasha la Hokkaido ambalo walikuwamo lilipoanza 1999. Akaongeza kwamba anataka pia kupata pesa. Napenda kwamba hakuificha sababu ya pili. Lakini siku yao ya Rising Sun, tarehe 16 Agosti 2019, ilifutwa kwa kimbunga, wakaanza ziara siku mbili baadaye Hibiya bila kulipata lile lililowarudisha. Machi 2020 korona ikaja, wakapiga Zepp Tokyo ukumbi ukiwa mtupu na kuirusha bure mtandaoni.

Rising Sun walilipata Agosti 2022. Siku hiyohiyo ya tarehe 13 wakatangaza kuwa wanavunja tena. Onyesho la mwisho likawa Pia Arena MM, Yokohama, tarehe 11 Desemba 2022.

mzee_wa_santuri

Sina la kukosoa, nina la kuongeza. Ziara ya mwisho ya 2002 na onyesho la mwisho la 2022 yote yalibeba neno moja, mujō, neno la Kibuddha la kutodumu kwa kitu chochote. Ya kwanza iliitwa safari ya mujō, ya pili siku ya mujō. Na katika kurudi kote kule hawakutoa albamu mpya ya studio. Kwa hiyo orodha yako ya studio ni zile nne tu, 1997 hadi 2002, na hakuna ya tano ya kuitafuta.

fundi_wa_nyuzi

NyuziSita, kabla hujaondoka: daraja likishapandishwa, urefu wa nyuzi unabadilika na intonesheni (usahihi wa noti shingo nzima) inaharibika. Kagua kila uzi ukibonyezwa kwenye freti ya 12 dhidi ya hamoniki yake, yaani mlio wa uzi ukiguswa tu hapohapo bila kubonyezwa. Noti ikiwa juu kuliko hamoniki, rudisha kitandiko nyuma; ikiwa chini, kisogeze mbele. Oktavu za Tabuchi zitakuumbua hapo mapema kuliko kodi yoyote.